Mikoko: Anzeni na Wakataji Wenyewe

Mnaotaka kulinda mikoko ya kwenu, mimi mkata boriti za mikoko wa Lamu, kwa hiyo sitawaambia msikate. Kateni kwa mpango. Sajilini chama cha jamii cha uhifadhi wa msitu. Sheria ya misitu ya Kenya ya mwaka 2016 inawaruhusu kuingia mkataba na Huduma ya Misitu, shirika la serikali. Makaratasi hayo yanachosha, lakini yana mwisho.

Kazi iko matopeni. Pitieni kila mkondo pamoja, wakataji na wavuvi, mkubaliane wapi pakatwe na wapi papumzike. Msiwaache wavuvi nje: samaki wachanga hujificha kwenye mizizi ile ile. Msifyeke eneo zima. Acheni miti mikubwa idondoshe mbegu.

Palipokatwa pakiota penyewe, msipande. Pasipoota, chukueni mbegu ndefu za mkoko zilizoingia manjano shingoni, zisizo na tundu la mdudu. Chomekeni theluthi moja, ncha chini. Subirini maji mafu, siga bahari isipojaa sana, maana bamvua, maji makuu, huzing'oa. Ukingo wa bahari mwachieni mlilana, aina nyingine ya mikoko. (Kuna watu hupanda mkoko kwenye mchanga mtupu, wapigwe picha tu!)

Doria iwe ya zamu, na mafuta ya mashua yatoke kwenye mfuko wa chama.