Kabla hujachana kadi: la kufanya chama chako kikiingia serikalini

Nashona nguo Bombo, hapa Uganda, na kura yangu ni ya chama cha DP. Julai 2022, kiongozi wetu Norbert Mao alipotia saini makubaliano na chama tawala, NRM, na kuteuliwa Waziri wa Sheria na Katiba, kibanda changu kiligeuka baraza. Huyu anataka kuchana kadi, yule ananiletea tisheti ya kijani niigeuze mfuko wa sokoni. Nawaambia hivi.

Tangulizeni hesabu, matusi yatafuata yakihitajika. Swali ni moja: chama kikubwa kinawahitaji? Baada ya uchaguzi wa 2021, NRM ilikuwa na wabunge 336 katika Bunge la watu 529. DP ikijitoa kesho, hakuna muswada utakaokwama. Hapo mmeingia kwa hisani, na mgeni wa hisani hachagui kitoweo.

Mwaka 1962 haikuwa hivyo. Chama cha UPC cha Milton Obote hakikutosha kuunda serikali peke yake, kikakihitaji Kabaka Yekka (KY), chama cha watetezi wa Kabaka, mfalme wa Buganda. KY ikadai, ikapewa: Oktoba 1963 Kabaka Mutesa akawa Rais. Lakini wabunge wa DP na wa KY yenyewe wakaanza kuhamia UPC, leo mmoja, kesho mwingine. Obote alipoona wanamtosha, Agosti 1964 akauvunja ushirika. Novemba hiyohiyo, kura ya maoni ikaamua kaunti za Buyaga na Bugangaizi, zilizokuwa chini ya Buganda, zirudi Bunyoro, na Mengo, makao ya serikali ya Kabaka, haikuwa na la kumtishia Obote. Kwa hiyo msimtazame waziri wenu tu. Tazameni wabunge wenu wanahamia wapi. Wakianza kupungua, nguvu ya kudai inaondoka nao.

Pili, ahadi iandikwe. Mao alisema anatafuta mabadiliko ya uongozi kwa amani. Vizuri, kwa muswada gani? Utafika Bungeni lini? Mimi ahadi naziandika nyuma ya daftari la vipimo, kila moja na tarehe yake. Uwaziri wenyewe siuandiki. Huo ni mshahara wa mtu.

Kuna wanaosema tumrudishe mbunge nyumbani kabla ya muda wake. Msipoteze nauli. Ibara ya 84 ya Katiba inaruhusu hilo chini ya mfumo wa Movement tu, ule wa siasa bila ushindani wa vyama, si huu wa vyama vingi.

Njia iliyobaki ni ndani ya chama, ndiyo maana nasema kadi isichanwe. Ibara ya 71 inataka viongozi wa kitaifa wa chama wachaguliwe mara kwa mara, tena chama kieleze fedha zake zimetoka wapi na zimekwenda wapi. Wajumbe wa mkutano mkuu hutokea chini, kwenye matawi ambako watu hawaendi kwa kuwa hakuna soda. Nendeni. Mgombea ujumbe aulizwe mbele ya watu: makubaliano uliyasoma, au uliyasikia redioni kama sisi?

Mkitaka kujua wizara ya waziri wenu imefanya nini, Sheria ya Kupata Habari ya 2005 inawapa haki ya kuomba kwa maandishi, na jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Hamlazimiki kueleza mnaitakia nini. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa mapokezi mbele yenu, mrudi nayo.