Ekeveria kutoka kwenye jani: namna ninavyofanya kitaluni kwangu Arusha

Wateja wangu hawasemi ekeveria. Husema, "Nipe kale kaua kama kabichi." Nawaelewa. Majani manene, yamepangana duara juu ya duara, utadhani waridi lililochongwa kwenye kipande cha sabuni. Kwao ni milima ya Meksiko, na jina lilitokana na Atanasio Echeverría, mchoraji wa mimea wa huko huko. De Candolle, mtaalamu wa mimea wa Uswisi, ndiye aliyelitangaza mwaka 1828.

Hiyo milima uikumbuke, maana kila kitu kinaanzia hapo: jua jingi, usiku wa baridi, mawe yasiyotuamisha maji. Ndiyo sababu Arusha, Njombe au Limuru linakubali bila shida. Dar na Mombasa joto la usiku na unyevu hulitesa. Ndugu zangu wa pwani, mshubiri mdogo wa chungu utawapa raha zaidi.

Hatua ya 1: Kung'oa jani

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mmea mama usiumwagilie siku tatu hivi. Chagua jani la chini, nene, lisiloanza kunyauka. Lishike karibu kabisa na shina kwa kidole gumba na cha shahada, ulitikise kushoto, kulia, taratibu, mpaka usikie "tik". Kisha ligeuze utazame kitako chake. Kiwe kizima, laini, kimejikunja kidogo kama ukucha. Kama limechanika na kipande kimebaki shinani, tupa, usijifariji. Kichipukizi hutokea pale pale kwenye kitako.

Ule unga mweupe juu ya majani si vumbi, ni nta inayoukinga mmea na jua. Kijana niliyemwachia kitalu siku mbili aliyafuta majani yote kwa kitambaa kibichi ili yang'ae. Nilirudi nikakuta trei nzima ina alama za vidole. Jani lililofutwa nta halirudishi, unasubiri majani mapya.

Hatua ya 2: Kuyaanika

Yapange kwenye ungo, kivulini, siku 3 hadi 5. Bila maji, bila udongo. Unangoja kidonda kikauke kifanye kovu, la sivyo kitaoza.

Hatua ya 3: Udongo

Mimi nachanganya makopo mawili ya kokoto ndogo, zisizozidi punje ya mahindi, na kopo moja la udongo wenye mboji iliyoiva. Kokoto nazichekecha kwanza kuondoa vumbi, maana likilowa linaganda kama saruji. Mchanga wa baharini usiutumie, una chumvi. Chungu cha udongo kilichotobolewa chini ndicho bora. Na ile desturi ya kutandaza mawe chini ya chungu achana nayo: maji hukwama juu ya mawe, yaani umelisogeza tope karibu zaidi na mizizi.

Hatua ya 4: Kulaza na kungoja

Laza majani juu ya udongo, usiyafukie. Yaweke penye mwanga mwingi lakini jua lisiyapige. Baada ya wiki 2 au 3 utaona vijizizi vya waridi, vyembamba kama uzi. Vifunike kwa udongo kiasi cha kushika kwa vidole viwili, ndipo uanze kunyunyiza. Mengine yatatoa mizizi bila kichipukizi kwa miezi, mengine yataoza. Ndivyo yalivyo, kwa hiyo nalaza mengi. Jani mama litasinyaa polepole kwa kumlisha mtoto, na usilibandue kabla halijaachia lenyewe.

Hatua ya 5: Maji, jua na wadudu

Hakuna ratiba ya maji. Chomeka kijiti cha mshikaki mpaka chini. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke tunduni, kisha acha. Majani ya chini yakilegea na kukunjamana, lina kiu. Yakiwa ya njano, yanapenya mwanga kama yamechemshwa, maji yamezidi. Hapo kata kichwa kwa kisu safi, uendelee kukata mpaka shina lisiwe na weusi wowote ndani, ukianike wiki moja na kukipanda upya. Masika mimi nayaweka yote chini ya bati la kupitisha mwanga.

Mmea ukirefuka shingo na majani kuachana, umekosa mwanga, na shingo hairudi. Kata kichwa ukipande. Kisiki kitachipua watoto pembeni. Ila usiutoe sebuleni na kuuanika jua la saa saba siku hiyo hiyo, utaungua. Uzoeshe wiki mbili, uanze na jua la asubuhi.

Kama kuna sisimizi wanapanda na kushuka, chungulia kati ya majani. Vitu vyeupe kama pamba ni vidung'ata. Viguse kimoja kimoja kwa pamba ya masikio iliyochovywa kwenye spiriti, jioni, na urudie baada ya wiki.

Likitoa maua, yale kama kengele ndogo kwenye kikonyo kirefu, usiogope, halifi baada ya kuchanua. Na kikonyo chenyewe usikitupe maua yakiisha. Vijani vyake vidogo hung'oka kirahisi kuliko vya chini, na kwangu ndivyo vinavyoota vizuri zaidi.