Zaburi ya kichwani kabla ya siku mbaya

Usingoje ugonjwa au kesi ya shamba ndipo uanze kutafuta Neno. Anza na Zaburi 121, ina aya 8 tu. Soma aya moja kwa sauti kila asubuhi kabla hujagusa simu, kisha irudie bila kuangalia ukiwa kwenye taksi ya kutoka Mukono kuingia Kampala (foleni ya huko inatosha zaburi nzima na maombi juu). Biblia ya kwenye simu ni nzuri, ila chaji huisha, na mtu mwenye hofu hasomi vizuri. Danieli 6:10 yasema aliomba mara tatu kwa siku kama alivyozoea. Amri ya mfalme ya kukataza kumwomba Mungu ilimkuta tayari na desturi yake. Ukimaliza 121, ingia 46.