Elekeza nyumba kabla ya kuchimba msingi

Kwa anayejenga kijijini kwenye kiwanja kipana: kabla fundi hajavuta kamba za msingi, fungua dira ya simu, ulaze urefu wa nyumba mashariki–magharibi ili madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini. Huku kwetu karibu na ikweta jua la mchana huwa juu, na upenu (ukingo wa paa unaotokeza nje ya ukuta) wa sentimita 90 hivi unatosha kukinga ukuta. Sumbufu ni jua la alasiri. Linashuka, linapenya chini ya upenu na kuoka chumba hadi usiku, kwa hiyo upande wa magharibi weka stoo na choo. Upenu huohuo huzuia mvua isilowanishe ukuta, jambo kubwa kwa anayejengea tofali za udongo.

Kwenye nyanda za juu zenye baridi kama Njombe au Lushoto hesabu hubadilika: miezi ya baridi, Juni na Julai, jua huwa upande wa kaskazini, basi fupisha upenu wa upande huo jua liingie sebuleni. Na kama ziwa unalotaka kulitazama liko magharibi, usilizibe (ndilo lililokupeleka huko!), jenga baraza pana mbele ya dirisha. Kwenye mteremko mkali fuata ardhi. Ukilazimisha mashariki–magharibi, gharama ya kifusi na kuta za kuzuia udongo itameza faida yote.