Kuchagua Mbao za Meza ya Kuandikia

Kwa meza ya kuandikia inayokusudiwa kudumu miaka mingi, mninga ndio ningeutanguliza, kwa kuwa ukishakauka vizuri haupindi wala kusinyaa kwa urahisi, na hupokea randa bila kumsumbua seremala. Mvule nao ni imara na hustahimili mchwa, ingawa vumbi lake huwasha pua na ngozi, hivyo fundi avae barakoa. Mtiki wa mashambani hufaa pia, mradi mti uwe umekomaa.

Hata hivyo, aina ya mti haisaidii kitu iwapo mbao ni mbichi. Meza ya ndani huhitaji mbao zenye unyevu wa takriban asilimia 12. Usipokuwa na kipimo, linganisha uzito wa vipande viwili vya aina moja ya mti na vya ukubwa mmoja, kwani kilicho kizito zaidi huenda bado ni kibichi, kisha ulaze jicho kando ya ubao ili uone kama umepinda. Kataa pia mbao zenye sehemu kubwa ya rangi hafifu ya nje, kwa sababu wadudu huanzia hapo. Msonobari uliotiwa dawa utoshe kwa droo tu.