Kununua Pikipiki Iliyotumika: Namna ya Kuikagua na Kupatana Bei ya Haki

Wengi hudhani kwamba mnunuzi hodari wa pikipiki iliyotumika ni yule mwenye ulimi mwepesi, anayejua kumbembeleza muuzaji mpaka alegee. Kwa kweli sehemu kubwa ya mapatano huamuliwa kabla bei haijatajwa, kwa sababu hoja ambayo muuzaji hushindwa kuipuuza ni kasoro iliyoonwa na wote wawili, ambayo gharama ya kuitengeneza inajulikana. Asiye na hoja hiyo hubaki kuomba kupunguziwa, na mwenye kuomba hupewa kile tu ambacho mwenye mali ameamua kumpa.

Kwa hiyo kazi huanzia nyumbani. Tafuta matangazo ya pikipiki za muundo uleule, za mwaka unaokaribiana na zilizotembea umbali usiotofautiana sana, kisha andika bei zake, ukikumbuka kwamba bei iliyotangazwa ni matumaini ya muuzaji na si fedha aliyopokea. Tangazo lililokaa wiki nyingi bila mnunuzi linakuonyesha bei ambayo soko limeikataa. Ulizia pia bei za spea zinazochakaa mapema, yaani tairi, seti ya cheni na sproketi (magurudumu yenye meno yanayoshika cheni), betri, pedi za breki na sili za shokapu za mbele (mipira inayozuia oili isivuje), pamoja na ujira wa fundi wa kuzifunga. Mwisho jiwekee kikomo cha matumizi ambacho ndani yake kuna bima na gharama za kuhamisha umiliki, maana pikipiki haijawa yako mpaka iwe barabarani kihalali kwa jina lako.

Unapompigia simu muuzaji, uliza jina lililo kwenye hati ya usajili ni la nani, amekuwa nayo kwa muda gani, na kwa nini anaiuza. Mwombe asiiwashe kabla hujafika. Nenda mchana, wakati hakuna mvua, kwa kuwa maji huficha mikwaruzo, mikunjo na michirizi ya oili. Na kama una fundi unayemwamini, ujira wa kwenda naye ni fedha iliyotumika vizuri.

Anza na karatasi, hata kama pikipiki inang'aa na macho yanakuvuta huko. Namba ya chesisi kwa kawaida imegongwa kwenye shingo ya fremu, karibu na usukani, na namba ya injini imegongwa kwenye jumba la injini. Zote mbili zilingane, herufi kwa herufi, na zilizo kwenye hati. Pikipiki nyingi za miaka ya karibuni zina namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17, na katika mfumo huo herufi I, O na Q hazitumiki, ili zisichanganywe na 1 na 0. Alama za kusagwa, tarakimu zilizopinda kuliko nyingine, au rangi mpya mahali pale tu, ni sababu ya kutosha ya kuondoka. Hakikisha pia, kwa mamlaka ya usajili inayohusika, kwamba pikipiki haijaripotiwa kuibwa wala haijawekwa dhamana ya mkopo. Kama karatasi hazikai sawa, hakuna punguzo litakaloifanya bei iwe ya haki.

Kisha gusa injini. Ikiwa ina joto ilhali uliomba isiwashwe, inawezekana muuzaji anaficha ugumu wa kuwaka asubuhi, nawe una haki ya kusubiri ipoe. Chungulia oili kwanza: oili nyeusi ni ya kawaida, lakini yenye weupe kama wa maziwa inaonyesha kwamba maji yameingia ndani. Ikiwaka, tazama moshi wa eksozi. Moshi wa bluu usiokoma kwenye injini ya mipigo minne una maana kwamba oili inaungua, pengine kwa sababu ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka, na hilo ni tengenezo la gharama kubwa. Kwenye injini ya mipigo miwili, ambayo huchoma oili pamoja na petroli, moshi mwepesi wa namna hiyo si ugonjwa. Moshi mweusi unaonyesha petroli nyingi kupita kiasi, na mara nyingi tiba yake ni nafuu, kama kusafisha kabureta au kubadilisha chujio la hewa. Mvuke mweupe unaotoweka injini ikipata joto usikutie hofu, ila ukiendelea kwenye injini inayopozwa kwa maji, gasketi ya silinda, yaani kizibo kilicho kati ya silinda na kichwa chake, inatiliwa shaka. Sikiliza pia: mlio mwepesi wa juu unaweza kuwa valvu zinazohitaji kurekebishwa, lakini mgongano mzito unaotoka chini na kuongezeka unapovuta resi ni dalili ya kuchakaa kwa krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, au beringi zake, na mimi nisingenunua pikipiki ya namna hiyo kwa bei yoyote isipokuwa ya spea.

Fremu ndiyo inayosema ukweli kuhusu ajali. Tazama kuzunguka shingo kama rangi imepasuka au kuna ulehemu usio wa kiwandani, kisha kagua vizuizi vinavyozuia usukani kuzunguka kupita kiasi; vikiwa vimebonyea au vimepinda, inaelekea pikipiki iligongwa kwa mbele, hata kama plastiki zote ni mpya. Ncha za mikono ya klachi na breki zilizosagika zinaweza kutokana na kuanguka tu ikiwa imesimama, hivyo usiharakishe kumtuhumu mtu. Inua gurudumu la mbele na uzungushe usukani taratibu kutoka upande hadi upande: ukikwama kidogo katikati, beringi za shingo zimekwisha. Shika breki ya mbele, bonyeza shokapu mara kadhaa, kisha pitisha kitambaa kwenye nguzo zake. Kitambaa kikitoka na oili, sili zinavuja.

Vitu vinavyochakaa havihitaji muda mrefu. Vuta cheni upande wa nyuma kabisa wa sproketi ya nyuma, na ikiachana na meno kiasi cha kuonyesha nusu ya jino, au meno yamechongoka na kuinama upande mmoja, panga kubadilisha seti nzima, kwa kuwa cheni mpya juu ya sproketi mbovu huharibika upesi. Ubavuni mwa tairi tafuta tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, ambapo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya zamani iliyokakamaa si salama hata kama kashata zake, yaani meno yake, bado ni ndefu. Diski nyingi za breki zimeandikwa unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, nawe uulinganishe na unene uliopo. Betri nzima ya volti 12 iliyopumzika, ukiipima kwa kipima volti, husoma karibu 12.6, na injini ikiwa inazunguka kwa kasi ya wastani kipimo kinapaswa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5; kisipopanda, inaelekea tatizo liko kwenye mfumo wa kuchaji. Umbali unaosomeka kwenye mita uulinganishe na mpira wa vikanyagio, vishikio vya usukani na kiti, kwa maana mita hubadilishwa kwa urahisi kuliko hivyo vyote vikiwa pamoja.

Omba kuiendesha, ukiwa na kofia ya kinga na leseni, na usishangae muuzaji akitaka dhamana. Katika gia ya juu vuta resi ghafla: mlio wa injini ukipanda bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Angalia kama inakwenda moja kwa moja, kama gia hazirukiruki, na kama breki hazitetemeki. Ukirudi, izime na uiwashe tena ikiwa ya moto, kisha tazama chini kama kuna tone.

Sasa ndipo bei izungumzwe. Anayeuliza "bei ya mwisho ngapi" kwa simu humlazimisha muuzaji kutaja kiasi ambacho baadaye ataona aibu kukishusha, na hukitaja bila mwulizaji kujua anapunguziwa juu ya kitu gani. Tuchukulie kwamba pikipiki kama hiyo, ikiwa katika hali ya kawaida, huuzwa 100 kwa sarafu yoyote ile, na huyu ametangaza 105. Tairi zote mbili zimekwisha, na kuzibadilisha ni 7. Cheni na sproketi ni 4. Sili za shokapu ni 3. Matengenezo ni 14, kwa hiyo thamani yake kwako ni 86. Ukianza na 80 huku ukimwonyesha hesabu hiyo kwenye karatasi, hujamvunjia mtu heshima; kisha unaweza kupanda hadi 84, na mwisho 86, kila hatua ikiwa fupi kuliko iliyotangulia, ili aone kwamba unakaribia ukomo wako kweli.

Hesabu hiyo iwe ya haki pia kwa upande wake. Bei ya 100 tayari imezingatia uchakavu wa kawaida, kwa hiyo tairi iliyobaki nusu si kasoro ya kukata fedha. Vilevile usikubali kulipia kwa ukamilifu taa za ziada na mapambo aliyoyafunga kwa kupenda kwake. Usiiponde pikipiki mbele ya mwenyewe. Taja kasoro, taja gharama, kisha nyamaza umwache afikiri, jambo ambalo wengi hushindwa na kujikuta wakipandisha ofa yao wenyewe. Akiahidi kwamba atatengeneza kitu baada ya kulipwa, mwombe badala yake akate gharama hiyo sasa, au atengeneze kwanza ndipo ulipe. Akisema kuna mteja mwingine anakuja jioni, huenda ni kweli, lakini kikomo chako hakibadiliki kwa sababu hiyo. Mwachie namba yako na uondoke kwa adabu. Na ikiwa pikipiki ni nzima na bei iko chini ya hesabu yako, ilipe, kwa kuwa kuvutana kwa ajili ya ushindi tu kumewapotezea wengi pikipiki nzuri.

Mkikubaliana, andikeni mkataba wenye majina, namba za vitambulisho, namba za chesisi na injini, kiasi kilicholipwa, tarehe na saa ya makabidhiano, kisha mtie saini mbele ya shahidi. Arubuni, kama inahitajika, iwe ndogo na iwe na risiti. Lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, mkiwa mahali penye watu, baada ya kupokea hati halisi, funguo zote na fomu ya kuhamisha umiliki iliyosainiwa, na uipeleke fomu hiyo kwenye mamlaka ya usajili siku hiyohiyo au siku ya kazi inayofuata.