Namna ya Kupiga Mbizi Bila Kuumiza Masikio

Anayejifunza kupiga mbizi, awe anafuata pweza miambani au amekodi mtungi wa hewa huko Mafia au Pemba, huhangaikia sana pumzi akasahau masikio, ilhali masikio ndiyo yanayotangulia kuumia. Ukifika kina cha mita 10, mgandamizo unaokuzunguka huwa mara mbili ya ule wa juu ya maji, na hewa iliyo nyuma ya kiwambo cha sikio husinyaa hadi kiwambo chenyewe kikasukumwa ndani. Badiliko kubwa zaidi hutokea katika mita chache za mwanzo, kwa hiyo hata anayezama kidogo tu hayuko salama.

Kinga yake ni kuingiza hewa sikioni kupitia mirija inayounganisha masikio na koo. Bana pua kwa vidole, funga mdomo, kisha sukuma hewa taratibu kuelekea puani mpaka usikie masikio yakizibuka. Anza ukiwa bado juu ya maji, urudie kila unaposhuka mita moja hivi, wala usingoje maumivu, kwa sababu mgandamizo ukishazidi, mirija hiyo hubanwa ikagoma kufunguka. Hapo ndipo wengi hupuliza kwa nguvu, jambo ambalo nalikataza kabisa, kwani linaweza kudhuru sikio la ndani na kuacha uziwi wa kudumu. Sikio likigoma, panda mita moja au mbili ujaribu tena. Likiendelea kugoma, toka majini, hata kama umelipia safari nzima.

Tumia miwani inayofunika pua, kwa kuwa ile ya kuogelea huacha pua nje na hivyo huna namna ya kupunguza mbano wake machoni. Usizibe masikio kwa vizibo.

Mwenye mafua asizamie. Dawa za kuzibua pua si za kutegemea, maana nguvu yake ikiisha ukiwa chini, hewa inayotanuka wakati wa kuibuka hukosa njia ya kutokea, na maumivu ya kupanda ni mabaya zaidi kwa kuwa huwezi kubaki chini ukisubiri yapite. Ukitoka majini ukiwa na kizunguzungu, mvumo usiokoma au damu sikioni, usitie matone yoyote. Muone daktari, na usizamie tena mpaka akuruhusu.